Kadi Haifi Siku Inapoumia

Zuhura Salum Mkude alihitimu kozi ya mitambo ya simu ya kidijitali jijini Dar es Salaam Ijumaa, tarehe 17 Novemba 1995, akiwa wa pili katika darasa ambalo yeye alikuwa mwanamke peke yake. Cheti chake kimetundikwa sebuleni kwake Mafiga, juu ya redio. Jua la dirishani limeshaifuta saini ya mkuu wa chuo. Jina lake bado linasomeka.

Tangu siku hiyo kazi yake kubwa imekuwa moja: kuchomoa kadi kwenye mtambo wa simu wa Morogoro bila kuiua kadi na bila kumkata mtu anayezungumza. Kadi yenyewe ni kibao cha kijani, ukubwa wa jalada la daftari kubwa, kilichojaa vipande vyeusi vyenye miguu ya chuma. Kadi hizi zinasimama wima kwenye kabati, moja kando ya nyingine, kama sahani kwenye kichanja. Kila moja inabeba simu za wateja kadhaa: duka la dawa, ofisi ya wakili, nyumba ya mhadhiri, kibanda cha simu cha Msamvu. Kadi ikifa, wote hao wanainua mkono wa simu na kusikia kimya.

Asiyejua atadhani kuchomoa kibao ni kuvuta tu. Zuhura huanza kwa kukaa. Anakaa mbele ya kompyuta ya mtambo na kuifunga kadi anayoitaka, ili anayetaka kupiga simu mpya asipite hapo, lakini aliye katikati ya mazungumzo aendelee. Halafu anangoja. Kama mtu anaagana na mwanawe aliyeko Mbeya, Zuhura anangoja waagane. Taa ndogo kwenye kadi ikibadilika, maana yake wa mwisho amekata, ndipo anapovaa mkononi mkanda wenye waya, na ncha ya pili ya waya anaibana kwenye fremu ya chuma. Fremu imeunganishwa na ardhi. Sasa na yeye pia. Anabonyeza vishikizo viwili, cha juu na cha chini, kwa pamoja. Kadi inaachia. Anaivuta moja kwa moja bila kuiyumbisha, anaishika kingo tu, na kabla hajageuka kumjibu mtu yeyote anakuwa ameshaitia kwenye mfuko wake maalumu wenye rangi ya fedha.

Mkanda ule ndio kiini cha yote yaliyotokea. Mtu anapotembea, nguo ikisugua ngozi na nyayo zikisugua sakafu, anakusanya mwilini umeme asiouhisi. Wataalamu wanauita umeme tuli. Wakati wa kipupwe, hewa inapokuwa kavu, unauona ukivua sweta gizani na kuisikia ikitatarika. Kiasi kidogo sana kuliko hicho kinatosha kuijeruhi kadi, na mkanda kazi yake ni kuuteremsha umeme huo ardhini kabla kidole hakijagusa kibao.

Ubaya wake ni kwamba kadi iliyojeruhiwa haionyeshi. Inarudishwa kabatini, inawaka, inafanya kazi wiki kadhaa, halafu asubuhi moja, simu zinapokuwa nyingi, inazima.

"Kadi haifi siku inapoumia," anasema Zuhura. "Inakufa siku ya mwingine."

*

Alizaliwa Kinole, upande wa mashariki wa milima ya Uluguru, mwaka 1957, katika nyumba ya wakulima wa ndizi na mdalasini. Aliingia kazini mwaka 1979 kama fundi mwanafunzi, akakabidhiwa kwa Fransisko Mihayo, Mnyamwezi wa Urambo aliyekuwa amemtangulia kazini kwa miaka kumi.

Waluguru na Wanyamwezi ni watani, na kwa watu hawa wawili utani haukuwa jambo la misibani tu. Ulianza siku ya kwanza, kabla Zuhura hajaonyeshwa pa kuweka mkoba.

"Shikamoo," alisema Zuhura.

"Marahaba. Kabila?"

"Mluguru."

"Basi irudishe shikamoo yako. Mluguru hanisalimii mimi, ananiletea ndizi."

"Ndizi mlizoea kubebeshwa kichwani mpaka pwani," alijibu Zuhura. "Panda mwenyewe mlimani ukazichukue, kichwa si bado unacho?"

Mafundi waliokuwepo wanakumbuka kuwa Fransisko alicheka mpaka akakaa kwenye ndoo.

Mtambo wa wakati huo ulikuwa wa zamani, wa vyuma vilivyopanda na kushuka. Ukiingia saa nne asubuhi ungedhani mvua ya mawe imeshukia bati. Ulikuwa mtambo wa kumdhuru mtu, na Fransisko alimfundisha Zuhura sheria zake kama zilivyofundishwa kwake: vaa ndala za mpira muda wote ili umeme usipate njia ya kwenda ardhini, vua bangili, fanya kazi kwa mkono mmoja, wa pili uweke mgongoni, umeme usije ukapita kifuani kutoka mkono hadi mkono. Na usimkate mtu anayezungumza. Weka sikio, ngoja amalize. Kungoja kule ambako Zuhura anasifiwa nako alikutoa kwa Fransisko.

Mwaka 1983 Zuhura alifungua chaja ya betri na kushika kwa mikono miwili. Umeme ukamng'ang'ania. Fransisko hakumshika, fundi hamshiki aliyeshikwa. Alimpiga teke la ubavuni, akiwa na ndala zake, na Zuhura akaangukia mlangoni na mbavu mbili zilizovunjika.

"Kumbe Waluguru wepesi hivi!" alimwambia hospitalini. "Nimekugusa kidogo tu umefika barabarani."

"Teke la mpagazi," alisema Zuhura. Hakuweza kucheka kwa sababu ya mbavu.

Baba yake Zuhura alipofariki mwaka 1988, Fransisko alipanda Kinole na gari la kwanza. Kaburi lilipokuwa tayari alishuka ndani na kulala chali, mikono kifuani.

"Hili nimelipenda," alisema kutoka chini. "Huyu mzee atafutiwe lingine. Alikuwa mfupi, hata shimo la muhogo linamtosha."

Shehe alikunja uso. Wajomba wa Zuhura walianza kumpigia kelele, wakamwagia mchanga, wakamwita mwizi wa makaburi; hakutoka mpaka alipoletewa jogoo. Zuhura, aliyekuwa hajala wala kusema kwa siku mbili, alicheka kwenye maziko ya baba yake. Kazi ya mtani ndiyo hiyo.

*

Mtambo wa kidijitali ulipokuwa ukiagizwa, kituo kilipewa nafasi moja ya kozi. Ilikuwa haki ya Fransisko kwa miaka yake kazini. Aliikataa mbele ya watu.

"Mtambo usiosema siujui," alisema. "Mpelekeni Mluguru. Wao hata mlima hausemi na wanaishi nao."

Zuhura alikwenda, akarudi, na mtambo mpya ukafungwa. Ulikuwa kimya kweli. Kilichosikika ni feni tu. Alipowaonyesha wenzake mkanda wa mkononi, Fransisko aliushika kwa vidole viwili kama anayeshika mkia wa panya.

"Umeme unatafuta ardhi," alisema. "Maisha yangu yote namkimbiza mtu asiwe njia ya umeme kwenda ardhini. Leo unachukua waya unajifunga kwenye ardhi mwenyewe. Mlifundishwa au mlilogwa?"

"Ndani ya mkanda kuna kizuizi. Umeme mkubwa haupiti kukudhuru wewe."

"Kizuizi! Barabara ya Dar ina vizuizi vingapi na mkaa unapita? Mluguru, mimi nilikutoa kwenye chaja kwa teke. Ukijifunga hivyo nani atakutoa?"

Watu walicheka na mkanda ukarudi kwenye msumari wake. Kwa kuwa kuchomoa kadi ilikuwa kazi ya Zuhura, na Fransisko alibaki na nyaya za nje na betri, kwa miaka kadhaa jambo hilo halikumgharimu mtu kitu.

Halafu likaja soko huria. Sehemu ya hisa za mwajiri wao iliuzwa kwa wawekezaji. Minara ya simu za mkononi ikasimamishwa mjini, na watu waliokuwa wakisubiri laini ya mezani kwa miaka wakaacha kuiuliza. Mafundi wa nje walipunguzwa, kisha walinzi, kisha wahudumu. Fransisko, aliyekuwa amebakiwa na kazi kidogo ya nyaya, akaingizwa zamu ya mchana kwenye chumba cha mtambo. Zuhura alishika asubuhi.

Mwezi Machi mwaka huu wa 2001 aliletwa meneja mpya, Jackson Mbwambo, mhandisi wa umri wa miaka thelathini na minane, mtu wa maneno machache. Aliwaita wote wawili na kuwaambia jambo ambalo makao makuu yalikuwa yameamua: kila kituo kitabaki na fundi mmoja wa mtambo.

Aliwaambia na jambo la pili. Kadi za Morogoro zilikuwa zikifa kuliko za kituo kingine chochote cha ukubwa wake. Zilitengenezwa nje ya nchi, na za akiba zilikuwa zimekwisha. Hataamua nani abaki kabla hajajua nani anaziua.

Hakutaja mtu, lakini haikuhitajika. Kadi zote zilikuwa zimekufa asubuhi.

*

Jumapili moja mwezi Juni, baada ya adhuhuri, Zuhura alirudi kituoni kuchukua kapu la pilipili manga alilolisahau. Kulikuwa na upepo mkavu wa kipupwe kutoka mlimani. Alifungua mlango wa chumba cha mtambo na kumkuta Fransisko akifanya kazi.

Amelieleza alilolikuta mara nyingi, na kila mara kwa mpangilio ule ule. Fransisko alikuwa amevaa ndala za mpira. Bangili ya shaba aliyopewa na mama yake alikuwa ameivua na kuiweka dirishani. Mkono wa kushoto ulikuwa mgongoni. Mkono wa kulia ulikuwa umeishika kadi, kiganja chote kikiwa kimelala juu ya vipande vyake. Kadi nyingine ilikuwa mezani juu ya kitambaa cha nailoni, na kando yake chupa ya spiriti na pamba. Alikuwa akisafisha meno ya kadi, yale yanayoingia kabatini, kama ambavyo mtambo wa zamani ulisafishwa kila wiki kwa brashi na spiriti, kwa sababu uliposafishwa haukufa.

Mkanda ulikuwa kwenye msumari.

Hakuwa mzembe. Pengine hakuna mtu aliyekuwa akifanya kazi kwa uangalifu kama ule katika jengo lile. Alikuwa amezitii sheria zake zote, na kila sheria aliyoitii ilikuwa inaijeruhi kadi. Mpira wa ndala uliuzuia umeme wa mwili wake usiende ardhini, ukabaki mwilini, ukatokea kiganjani. Kesho yake au mwezi ujao kadi ingezima asubuhi, Zuhura akiwa zamu.

Zuhura aliyaelewa hayo yote akiwa bado ameshika kitasa.

"Mnyamwezi, unaua," alisema.

"Nani kafa?"

"Kadi zangu. Unaziua na hizo ndala zako, halafu zinakuja kufia mikononi mwangu. Nitakufungisha."

"Nifungishe. Jela wanakula wali siku ya sikukuu. Kwako nimekuja Idi tatu, ndizi tupu."

"Sikutanii. Vaa mkanda au ondoka humu."

"Mluguru akisema hatanii ndio anaanza." Fransisko aliirudisha kadi mahali pake, taratibu, mpaka vishikizo vikajibana. "Umeona? Inawaka. Ingekuwa nimeiua ingewaka?"

"Inakufa baadaye."

"Hata mimi nitakufa baadaye. Utasema umeniua wewe?"

Alicheka, na Zuhura naye akacheka. Katika miaka ishirini na miwili hawakuwahi kusemezana kwa namna nyingine. Utani unamruhusu mtu kumwambia mtani wake neno lolote, na kwa sababu hiyo hiyo haumlazimishi mtani kulisikia.

Kesho yake Zuhura alifanya jambo ambalo mtani anaruhusiwa kulifanya: alizichukua ndala za Fransisko kutoka chini ya benchi akaenda nazo Mafiga. Fransisko alitangaza korido nzima kwamba Waluguru sasa wanaiba hata viatu vya wazee, na siku ya pili akaja na ndala mpya za bluu. Zuhura akazichukua na hizo. Wenzao walicheka wiki nzima. Fransisko akanunua nyingine.

Kwa meneja hakwenda. Anasema hakujua angeanzaje. Kumtaja Fransisko kulikuwa kumwondoa Fransisko, na kila aliyekuwa kituoni alijua kwamba kumwondoa Fransisko kulikuwa kujibakiza mwenyewe. Mwisho wa mwezi kadi moja ilizima. Wiki iliyofuata ikazima nyingine. Zote asubuhi.

*

Mbwambo aliwaita Alhamisi, tarehe 12 Julai. Kadi mbili zilizokufa zilikuwa mezani kwake, kwenye mifuko yao.

"Mama," alimwambia Zuhura, "hizi zote zimefia zamu yako. Nataka nisikie kwako kabla sijaandika chochote."

Zuhura alimtazama Fransisko. Anasema alimpa nafasi. Fransisko aliuona mtazamo ule na akafanya alichokijua kwa miaka yote chumba kinapokuwa kizito.

"Meneja, huyu usimwone hivi," alisema. "Watu wa mlimani hawa. Mikono yake ina mambo. Kadi ikimwona tu inakata roho yenyewe."

Hakuna aliyecheka. Mbwambo, ambaye ni Mpare na ana watani wake, alijua kabisa alichokisikia. Lakini alikuwa meneja na kadi zilikuwa mezani.

"Mzee, unaniambia tatizo ni mikono yake?"

"Ah, Meneja, mimi namtania mtani wangu."

"Mimi nimeuliza swali la kazi. Ni mikono yake au si mikono yake?"

Fransisko alizitazama kadi mezani. Zuhura anaamini kwamba hakuwa na nia ya kumuumiza. Kusema si mikono ya Zuhura kungekuwa kukubali kuwa ni yake mwenyewe, na hilo hakuliamini hata siku moja.

"Ni ndala," alisema Zuhura.

Akaeleza. Alieleza kama alivyofundishwa chuoni, kwa mpangilio, akimtazama meneja: Jumapili, spiriti, kiganja, kitambaa cha nailoni, mkanda kwenye msumari. Alisema "Bwana Mihayo". Fransisko aligeuza kichwa kumtazama, kama mtu aliyesikia ametajwa mgeni.

Mbwambo alisikiliza mpaka mwisho.

"Ulijua lini?"

"Mwezi uliopita."

"Kabla ya hizi mbili?"

"Kabla."

"Na hukuniambia."

"Nilimwambia yeye."

"Ulimwambiaje?"

Aliyejibu alikuwa Fransisko.

"Aliniambia, Meneja. Ni kweli aliniambia. Nilidhani ananitania."

Walipotoka, kwenye korido, Zuhura alimwita kama alivyozoea: "Mnyamwezi." Fransisko hakusimama. Alivua ndala mlangoni mwa chumba cha mtambo, akazishika mkononi, akatoka nje peku hadi kwenye baiskeli yake.

Mbwambo hakatai kuzungumzia uamuzi wake. "Fundi mmoja alikuwa anaua kadi kwa mazoea," anasema. "Mwingine alijua, akaendelea kuzipokea zikifa. Wa kwanza sikuweza kumbadilisha. Wa pili nilijiuliza, kesho akijua jambo jingine ataniambia au atamtania mtu? Makao makuu walikuwa na kampuni ya nje iliyokuwa tayari kufanya kazi hiyo kwa mkataba. Sikuona sababu ya kuwapinga."

Fransisko aliondoka mwisho wa Agosti. Zuhura aliongezewa muda hadi Desemba ili awafundishe waliokuja kuchukua nafasi yake.

*

Fundi wa kampuni ya mkataba anaitwa Rashidi. Alifika Oktoba na gari lenye nembo mlangoni, na mkanda wake mwenyewe mfukoni, mpya kuliko wa Zuhura. Siku ya kwanza alimwamkia vizuri, akavua saa, akafunga mkanda kabla hajaambiwa, akapima kama umeshika. Zuhura anasema alifurahi.

Kisha Rashidi akabonyeza vishikizo vyote viwili vya kadi.

"Bado!" alisema Zuhura. "Kuna watu wanaongea humo."

Kadi ilikuwa imeshatoka, imeshikwa kingo, safi kabisa.

"Watapiga tena, mama."

"Hukuwafungia. Hukungoja."

"Mama yangu, nina vituo vitano. Leo nilale Kilosa, kesho Ifakara. Nikingoja kila mtu amalize kumsalimia shemeji yake nitazeeka barabarani." Aliitia kadi kwenye mfuko. "Kadi imeumia?"

"Haikuumia."

"Basi."

Zuhura alimwonyesha yaliyobaki. Mchana ule mwenye kibanda cha simu Msamvu alikuja kulalamika kwamba mteja wake, aliyekuwa akipokea habari ya mgonjwa kutoka Songea, alikatwa katikati na hakumpata tena aliyempigia. Alijibiwa kwamba mtambo ulikuwa kwenye matengenezo, jambo ambalo lilikuwa kweli.

*

Mama yake Zuhura, Bi Asia, alifariki Kinole katikati ya Novemba, mvua za vuli zikiwa zimekwisha kuilainisha barabara ya mlimani. Magari yaliishia njiani na watu wakapanda kwa miguu, viatu mkononi, udongo mwekundu hadi magotini.

Habari ya msiba ilimfikia Fransisko kwake, nyuma ya stesheni, ambako bado anaishi. Alikuja. Watu wa Kinole walimkumbuka tangu mwaka 1988, na alipoonekana akikwea kuelekea kwenye migomba, vijana wa ukoo walianza kupiga vigelegele vya kejeli.

"Mwizi wa makaburi huyo! Fungeni majogoo!"

"Babu, safari hii shimo refu, utatoka na nini?"

Mjomba wa Zuhura, mzee anayetembelea fimbo, aliagiza jogoo afungwe miguu kabisa na kuwekwa karibu, ili asitafutwe. Kaburi lilikuwa tayari. Watu walisogea kando kumpisha.

Fransisko alikuwa amevaa viatu vya ngozi vilivyofungwa kamba. Alifika kwenye ukingo, akasimama, akatazama chini. Kisha akapita upande wa pili, akaenda kukaa kwenye mkeka pamoja na wageni wengine, akanyamaza kama wao. Vijana walingoja. Mmoja alicheka peke yake, akaacha. Shehe akaanza.

Baada ya maziko alimwendea Zuhura na kumpa mkono.

"Pole, Bi Zuhura," alisema. "Mungu amlaze marehemu mahali pema."

Hakuwahi kumwita jina lake tangu mwaka 1979.

"Mnyamwezi," alisema Zuhura, "kaburi hukulitaka?"

"Lilikuwa la marehemu," alisema Fransisko.

Aliaga wazee mmoja mmoja, kwa heshima, akateremka kwa miguu kulifuata gari la jioni. Jogoo alifunguliwa miguu. Zuhura hakucheka kwenye maziko ya mama yake.

Akiulizwa kuhusu kadi, Fransisko hataki kuzizungumzia. Kuhusu ndala anasema alizivaa kwa miaka thelathini na miwili na hakuna mtu aliyekufa mikononi mwake. Hilo ni kweli. Kuhusu Zuhura anasema alikuwa fundi mzuri kuliko wote aliowafundisha, na kwamba hana kinyongo naye.

"Ila utani ni wa watu wasioshitakiana," anasema. "Sasa sisi tunafahamiana tu."

Nyumbani Mafiga, chini ya benchi la jikoni, kuna jozi mbili za ndala za kiume, moja ya bluu. Zuhura hajazirudisha. Kuzirudisha, anasema, kungekuwa sawa na kukiri kwamba aliziiba.

Atamaliza kazi Jumatatu, tarehe 31 Desemba 2001, saa tisa na nusu alasiri, atakapokabidhi mkanda na funguo za chumba cha mtambo. Shamba la Bi Asia, ambalo kwa desturi ya Waluguru linafuata upande wa mama, sasa ni lake, na mwezi Januari atahamia Kinole kulima. Kadi ikifa Morogoro baada ya hapo, gari litatoka Dar es Salaam.